Ninian Sclater na Balfarrow Mbili

Kesho, tarehe kumi na moja Novemba mwaka 1701, siku ya Mtakatifu Martini, Bwana Ninian Sclater anastaafu kazi yake ya ukarani wa maombi katika Bunge la Uskoti. Aliingia Januari 1661 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na anatoka akiwa na miaka sitini, mvi kichwani na wino usiotoka kwenye kidole cha kati. Ni miaka arobaini na miezi kumi. Katika muda huo ametumikia wafalme watatu na malkia mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kumjua kwa jina.

Makarani wenzangu waliniomba niandike wasifu huu usomwe leo mchana kwenye chakula cha kumuaga, kisha ubandikwe mlangoni mwa chumba chetu kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Nilikubali upesi, na sitawadanganya kwamba ni kwa wema. Ni kwa udadisi. Aliyekaa na Ninian mwaka mmoja hubaki na maswali ya miaka mitano. Kwa nini karani hodari kuliko sisi sote amebaki meza ile ile ya mlangoni, inayopigwa na baridi mpaka wino unaganda na inabidi kuupasha kwapani? Na kwa nini karatasi ya utumishi wake, niliyopewa na msimamizi wetu niinakili, ina mistari kumi na minne ya sifa, halafu chini kabisa mstari mmoja usemao: "Alikosea mara moja, Julai 1695, akakemewa mbele ya Bunge"?

Niliambiwa mstari huo utaingia kwenye kitabu cha kumbukumbu kama ulivyo, na akishaondoka ndio utakaobaki. Sifa hazina tarehe. Kosa linayo. Atakayefungua kitabu hicho miaka mia ijayo atajua jambo moja tu la hakika juu ya Ninian Sclater, kwamba alikosea Julai. Nilikereka sana, nikaapa kwamba nitalijua kosa hilo kabla mwenyewe hajatoka mlangoni.

Lakini kwanza kazi yenyewe, maana wake zetu wako hapa leo na wengi wao wanaamini tunashinda tukichonga kalamu.

Watu hudhani Bunge ni vita, kodi na ugomvi wa dini. Hayo yapo, na wakubwa wanayamudu au hawayamudu, si kazi yangu kusema. Mezani kwa Ninian huja mengine. Mji mdogo unaomba siku ya gulio lake isogezwe, kwa sababu wachuuzi wa Jumatatu wanasafiri Jumapili na mchungaji anawalaani. Kijiji kinaomba ruhusa ya kuchangisha makanisani kwa ajili ya daraja lililobebwa na mafuriko. Mjane anaomba fidia ya ng'ombe walioliwa na askari wa mfalme, na mwaka unaofuata anaomba tena, kwa sababu safari hii wameliwa na askari waliokuja kumlinda dhidi ya wale wa kwanza. Yote hayo huja kwenye karatasi iliyokunjwa, na kila karatasi hupita mkononi mwa Ninian kabla haijafika kwenye kamati.

Ana namna yake ya kuipokea. Haisomi. Anaigeuza kwanza aone mgongo wake. Mgongoni ndiko tunakoandika yaliyoamuliwa: imesomwa, imepelekwa kamatini, upande wa pili uonyeshwe na ujibu, imekubaliwa, imekataliwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza kwa nini anaanzia mkiani. Akaniambia, "Mbele ni kwa mwombaji, kila mtu kwake ni malaika. Nyuma ndiko kwetu. Kama nyuma kuna jina moja tu, bado hujasikia kitu." Kisha humgeukia mwenye karatasi, awe kabaila au mchunga kondoo, na swali lake ni moja: "Na jirani yako anasemaje?"

Swali hilo ana haki nalo. Kuna miji miwili, sitaitaja majina kwa kuwa mabwana wake wako meza ile pale wanakula, ambayo katika wiki moja iliomba gulio la Jumatano. Iko maili tatu tu kutoka mmoja hadi mwingine. Kila mmoja uliandika kwamba hakuna atakayedhurika, na kila mmoja ulisema kweli kwa kadiri ulivyojua, maana haukumwuliza mwenzake. Nusura karatasi zote mbili zipite. Ninian alizikuta kwenye rundo moja, akazifunga pamoja kwa uzi mmoja, akapeleka kamatini bila neno. Tangu hapo ana daftari kubwa lenye kila mji na siku yake, na kabla ya kwenda chooni hulifungia kwa kufuli.

Kisa cha benchi la kanisa kinajulikana, ila nitakisema kwa ajili ya wageni. Koo mbili za parokia moja zilileta maombi, kila ukoo ukitaka Bunge lithibitishe kwamba benchi la mbele, karibu na mimbari, ni lake. Wawakilishi wao walifika asubuhi moja, wakakataa hata kusimama ukuta mmoja. Ninian akawaonyesha benchi la makarani, akasema kamati itawaita. Benchi hilo ni la watu wawili wembamba, na wale mabwana hawakuwa wembamba. Walibanana hapo tangu saa tatu mpaka saa sita. Kamati haikuwaita, kwa sababu Ninian hakuwa ameiambia kwamba wamefika. Saa sita walisimama wakiwa wamekubaliana kupokezana Jumapili, wakachukua karatasi zao wakaenda kunywa. Nilipomwuliza kama hiyo ni sheria, alisema ni samani.

Sasa nije kwenye kosa.

Karatasi za kila kikao tunaziweka chini, kwenye ukumbi wa chini ya ukumbi, ndani ya mifuko ya turubai. Panya wanasoma zaidi yetu. Wiki mbili zilizopita nilishuka na mshumaa asubuhi kabla ya kazi, nikatafuta mfuko wa Julai 1695. Nakumbuka kikao hicho kwa sababu mwisho wake sikuuona. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na siku kadhaa kabla ya kufungwa niliitwa nyumbani Dalkeith, mke wangu akiwa katika uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Nilirudi Bunge limekwisha fungwa. Nilisikia makarani wakinong'ona kwamba Ninian amekemewa, na kwamba kile cheo cha ukarani wa kwanza kilichokuwa kimemwiva mkononi amepewa mwingine. Nilipouliza kulikoni, kila mtu alitazama kalamu yake.

Kwenye mfuko ule nililikuta ombi la bwana wa Pitcarrick. Yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa Bunge wakati ule. Aliomba barabara ya zamani inayopita mbele ya nyumba yake ifungwe na izungushwe nyuma ya mlima, kwa kuwa wapitaji wanachungulia madirisha yake, mbwa wao wanawabwekea mbwa wake, na mikokoteni ya kwenda kwenye kinu cha kusaga nafaka inamwamsha. Ombi lenyewe limeandikwa vizuri. Ukilisoma unamhurumia.

Nikaligeuza, kama nilivyofundishwa. Mgongoni mstari wa kwanza: kamati imeagiza Balfarrow aonyeshwe, ajibu katika siku mbili. Mstari wa pili, kwa mwandiko mwingine wenye madaha: "Nimeona. Sina neno. Balfarrow." Halafu, chini, mistari mitatu ya Ninian, na hiyo nitaisoma mahali pake.

Nilipanda ngazi nikamtafuta Hew Orrock, tarishi wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka karatasi miaka ile na bado anapeleka, mguu ukiruhusu. Hew ukimpa bakuli la supu ya kichwa cha kondoo atakueleza hata ambayo hukuuliza.

"Ile ya Balfarrow?" akasema. "Si ni mimi niliyeipeleka! Nikaambiwa peleka kwa Balfarrow. Nikamkuta Balfarrow kwenye kilabu, yuko hoi, anacheka na watu. Nikamwuliza, bwana, wewe ni Balfarrow? Akasema tangu nizaliwe. Nikampa. Akasoma, akaniambia lete kalamu, mimi na Pitcarrick ni marafiki, barabara yenyewe siijui. Akaandika pale pale juu ya pipa. Sasa kosa langu liko wapi?"

Kosa lake halikuwepo. Mnajua desturi yetu: mwenye ardhi haitwi kwa jina alilobatizwa, huitwa kwa jina la ardhi yake, na mkewe akilisahau lile la kwanza hatalaumiwa. Ila Balfarrow ziko mbili. Kuna Balfarrow ya Juu, ya yule bwana wa kilabuni, iliyo upande wa pili wa bonde na haina habari na barabara hiyo. Na kuna Balfarrow ya Chini, ambayo barabara hiyo ndiyo njia yake pekee ya kwenda kinuni na kanisani. Hiyo ilikuwa mikononi mwa mjane, Marion Lockie. Naye vilevile, kwa desturi ile ile, ni Balfarrow.

Bibi huyo alikuwa amesikia habari za ombi kutoka kwa mpishi wa Pitcarrick, akapanda farasi wa jembe akaja Edinburgh kabla hata hajaitwa. Alipanga chumba ghorofa ya sita kwenye kichochoro nyuma ya kanisa la Mtakatifu Giles, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye ngazi za Bunge, akisubiri kuonyeshwa karatasi. Hakuna aliyemwonyesha. Siku moja kabla ya Bunge kufungwa, Ninian alikuwa anapanda ngazi hizo na rundo kifuani, na Hew yuko nyuma yake. Maneno yao nayaandika kama Hew alivyonipa, nami namwamini, kwa sababu hana akili ya kubuni maneno mazuri hivi.

"Samahani, bwana karani," bibi akasema. "Ile karatasi nitaonyeshwa lini?"

"Karatasi gani, mama?"

"Ya Pitcarrick. Ya barabara. Leo siku ya tisa niko hapa, nimeshajua viatu vya wajumbe wote."

"Kwani wewe ni nani, mama?"

"Balfarrow."

Ninian aliweka rundo chini pale pale ngazini, jambo ambalo Hew hakuwahi kumwona akilifanya. "Mama," akasema, "Balfarrow ameshaona. Ameshajibu. Amesema hana neno."

"Balfarrow gani huyo asiye na neno? Mimi nina maneno tangu Jumanne ya wiki juzi." Kisha akayasema, tena bila kulia. Wakiifunga njia ile, wapangaji wake watauzunguka mlima na magunia mgongoni, maili tisa kwenda na tisa kurudi, na wakati wa theluji hata hizo hazipitiki. Mwaka uliopita familia mbili zilihama. Mavuno ya mwaka ule ndiyo hayo tuliyoyaona wote, mashina matupu. "Hawa waliobaki wakihama, bwana karani, mimi nitakuwa Balfarrow ya nani?"

Ninian alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa anafunga mkoba wake. Akamweleza. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akasema ripoti imeshaingia kwenye orodha, itasomwa baada ya chakula, na Bunge linafungwa kesho. "Asiyekuwepo na lake halipo, Sclater. Ndivyo ilivyo dunia. Asiyeridhika aende mahakamani."

"Atakwenda kwa njia ipi, bwana," Ninian akauliza, "na ninyi mmeshaifunga?"

Mwenyekiti alicheka sana, akampiga bega, akaenda kula. Hapo pana somo kwa wale mnaodhani kuwachekesha wakubwa ni sawa na kuwashinda.

Mjumbe yeyote angeweza kusimama ukumbini akapinga. Ninian alijaribu wawili. Wote walimhurumia mjane, na wote walikuwa na maombi yao wenyewe kwenye orodha ile ile, wakihitaji kura ya Pitcarrick. Siku mbili za mwisho za kikao ndivyo zilivyo: kila mkono umeshikwa na mkono mwingine. Karani naye hana ruhusa ya kusema bungeni, hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Haki aliyo nayo ni moja. Karatasi ikifikiwa, huisoma mbele na nyuma, neno kwa neno, ndipo kura ipigwe. Hakuna kura juu ya karatasi isiyosomwa, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza karani anaposoma.

Saa nane mchana ombi la Pitcarrick likaitwa. Hew alikuwa mlangoni. Anasema alimwona Ninian akiligeuza, akachovya kalamu, akaandika taratibu, huku mabwana wakinong'onezana na wengine wakisinzia kwa shibe. Kisha akasimama. Akasoma mbele, mbwa na madirisha na mikokoteni. Akageuza. Akasoma agizo la kamati. Akasoma "Sina neno." Na bila kupumzika akaendelea:

"Balfarrow aliyeonyeshwa ni wa Juu, na hahusiki. Balfarrow wa Chini anayehusika hakuonyeshwa, naye amekaa kwenye ngazi za nyumba hii. Kosa ni la karani, N. Sclater."

Waliokuwa wamesinzia waliamka. Pitcarrick alisimama, shingo imemwiva. "Tangu lini karani ana neno humu ndani?"

"Sina neno, bwana wangu," Ninian akajibu. "Nimewekwa nisome, ninasoma."

"Hayo umeyaandika sasa hivi. Wino wenyewe haujakauka."

"Ndiyo maana nimesoma polepole, bwana, nisije nikauchafua."

Ukumbi ukacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na kazi, kwa sababu baada yake hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia. Kilichosomwa kimesomwa. Mwenyekiti wa Bunge aliamuru bibi wa ngazini aletwe kesho yake asubuhi kabla ya lolote. Aliletwa. Hew anasema aliongea kwa muda wa kula yai moja la kuchemsha. Aliulizwa kama ana hati ya njia ile, akasema hati yake ni makaburi: mababu wa watu wake wote wamebebwa kwa njia hiyo kwenda kuzikwa, na hakuna Pitcarrick aliyepata kulalamika kwamba maiti wanachungulia madirisha. Ombi lilikataliwa kwa sehemu kubwa. Sehemu ndogo lilikubaliwa: Pitcarrick aliruhusiwa kupanda ua wa miti kando ya barabara kwa gharama yake mwenyewe, watu wapite, macho yasipite. Ua huo, nimeambiwa na mtu wa huko, umeshazidi kimo cha mtu. Njia iko wazi. Miaka ya njaa iliyofuata iliwakuta watu wa Balfarrow ya Chini wakipeleka kinuni kidogo walichokuwa nacho, na wengi wao wapo mpaka leo.

Siku hiyo hiyo ya mwisho, baada ya bibi kushuka ngazi, Ninian aliitwa katikati ya ukumbi, akasimama kichwa wazi, akakemewa kwa uzembe wa kupotosha agizo la kamati. Hakujitetea. Kile cheo kilikwenda kwa mwingine wiki iliyofuata, naye akarudishwa meza ya mlangoni. Sababu ya yeye kukaa kwenye baridi miaka sita ndiyo hiyo, enyi mliokuwa mkisema anaipenda hewa safi.

Ningeweza kuishia hapo, na wasifu ungekuwa mzuri. Ningeandika kwamba hata kosa lake moja alilisahihisha mwenyewe hadharani, tukapiga makofi, tukala. Lakini udadisi ukishaanza haushikiki. Jioni nilirudi chini kuirudisha karatasi mfukoni, na kabla sijaikunja niliusoma tena ule mstari wa kwanza, wa agizo la kamati. Mstari uliosema "Balfarrow" bila Juu wala Chini. Ndio uliompeleka Hew kilabuni. Ndilo kosa lenyewe.

Haukuwa mwandiko wa Ninian. Ninian hufunga herufi zake kama vifungo vya kanzu. Huu ulikuwa na mkia mrefu unaoburuzwa chini ya mstari, wa mtu anayeandika huku roho yake iko kwingine. Mkia huo naufahamu. Nauona kila siku ya kazi, na hata sasa hivi uko kwenye ukurasa huu ninaouandika.

Niliandika agizo lile siku niliyoitwa Dalkeith. Mwenyekiti wa kamati alitamka "bibi wa Balfarrow ya Chini." Sasa nakumbuka hata sauti yake. Mimi niliandika neno moja, nikatupa rundo mezani kwa Ninian, nikakimbia.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea. Alikuwa anaondoa vitu vyake kwenye droo. Nikamwambia, "Mzee, ule mwandiko ni wangu."

"Macho yako bado mazima," akasema. "Vizuri. Kazi hii inayataka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Patrick? Ulikuwa na mwaka mmoja kazini. Wangekufukuza kabla mtoto hajabatizwa. Mimi walikuwa wananikemea tu."

"Walikunyima cheo."

"Walininyima," akasema. Akaendelea kupanga kalamu zake. Baadaye akanitazama. "Usiyaandike haya kwenye hizo sifa zako. Umeshapewa meza yangu. Wacha mambo yalale."

Ni kweli, nimeshapewa meza yake, na ukarani wa maombi pamoja nayo. Barua ninayo. Ninaanza Jumatano. Msimamizi wetu, nilipomdokezea, alinishauri vivyo hivyo kwa upole: Sclater anaondoka, hataumia tena, na wewe una watoto wanne. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Aliuliza kama Ninian mwenyewe atakuwepo kwenye chakula.

Atakuwepo, nikamwambia. Na sasa yuko hapa. Anakula na kunitazama kwa jicho baya, maana ameshajua ninakoelekea.

Mzee Ninian, nisamehe kwa kutokukutii. Miaka arobaini hukukubali mtu ahukumiwe kwa karatasi isiyo yake, na ukaacha wewe mwenyewe uhukumiwe kwa karatasi yangu. Mbele ya msimamizi wetu, mbele ya mabwana wajumbe waliotuheshimu kwa kufika, na mbele ya mke wangu aliyesema niyasome kwa sauti, natamka: kosa la Julai 1695 ni langu, Patrick Yuill. Naomba mstari wa kumi na tano ufutwe kwenye utumishi wa Ninian Sclater na uandikwe kwenye wangu, kwa tarehe ile ile. Kuhusu meza niliyopewa, wakubwa wataamua, na barua yao nimekuja nayo mfukoni ili wasipate tabu ya kuitafuta.

Kwa niaba ya makarani wote, na ya Hew, na ya watu wa bonde moja ambao hawajui jina lako, tunakushukuru. Unakwenda Musselburgh kwa dada yako. Ulale mpaka jua lipande, ule kome wake, usome chochote kwa kuanzia mbele. Mungu akujalie siku njema na nyingi, na unapotoka mlangoni kesho, Mzee, toka na jina lako zima.